Watoto Hawahesabiwi

Nilipofika Kakuma, nyanya alikuwa amekunywa kikombe kimoja tu cha chai tangu alfajiri, na jua lilikuwa la saa nane. Mimi nilikuwa nimemaliza chupa mbili za maji njiani kutoka Lodwar. Nikamuuliza swali nililolibeba safari nzima: mlizaliwa wangapi kwa mama yenu, na wangapi walikua?

"Watoto hawahesabiwi," akasema.

Shida ni kwamba uteuzi asilia hupimwa hivyo hivyo, kwa kuhesabu. Februari 1898, dhoruba kali iliangusha shomoro huko Providence, Marekani. Hermon Bumpus aliletewa 136. Wakaamka 72, wakafa 64. Akawapima wote, uzito, urefu, mabawa, mifupa, kisha akalinganisha wafu na wazima. Akasema waliokuwa mbali na wastani ndio waliokufa zaidi. Namba zake zimepigwa hesabu upya mara nyingi tangu wakati huo, juu zina kitu adimu: orodha kamili ya wafu.

Mwaka 1983 Russell Lande na Stevan Arnold wakalikabili swali gumu zaidi. Ndege mkubwa huwa na mabawa marefu pia, sasa utajuaje ni kipi kilichomwokoa? Wakaziweka sifa zote kwenye mlinganyo mmoja wa regresheni, ili kila moja ipimwe nyingine zikiwa zimetulia. (Niliacha chuo, lakini si kwa sababu ya regresheni. Hiyo niliipenda.)

Kenya tuna daftari letu la namna hii: nyani wa Amboseli, wanaofuatiliwa mmoja mmoja tangu 1971. Nani kazaliwa, nani kazaa, nani kafa. Amanda Lea alifanya utafiti kwa nyani hao kabla ya kuja kwetu Turkana.

Huku hakuna daftari la miaka elfu kadhaa. Kwa hivyo yeye, Julien Ayroles na wenzao, Wakenya wakiwemo, walisoma DNA nzima ya watu 367, na matokeo yakatoka kwenye jarida la Science mwaka 2025. Mantiki yake ni kama matatu isiyosimama njiani: abiria waliopanda pamoja hufika pamoja. Jeni likienea haraka, hubeba majirani zake kwenye DNA kabla vizazi havijawatenganisha. Ukikuta kipande kirefu kinachofanana kwa watu wengi kupita kiasi, unashuku uteuzi. Walivipata vipande vinane. Kimoja kina jeni la STARD10, linalohusishwa na figo na kuhifadhi maji, na uteuzi wake unakadiriwa ulianza kati ya miaka 5,000 na 8,000 iliyopita, kaskazini ilipokuwa ikikauka.

Mtandaoni tulijigamba, ati sisi ni watoto wa jangwa. Nami nilisambaza. Baadaye nikarudi kwa shomoro wa Bumpus, nikaona tumesoma upande mmoja wa hesabu, ule wa 72. Jeni halienei kwa sababu ni zuri. Linaenea kwa sababu wasio nalo waliacha watoto wachache, au hawakuacha kabisa. Mbinu hii ya DNA haimuulizi yeyote majina yao, na sijui kama hiyo ni heshima au ni vile tu hakuna wa kuulizwa.

Nilimweleza nyanya haya yote, vibaya vibaya. Akanyamaza kitambo. Kisha akaanza kutaja ndugu zake, jina moja baada ya jingine, bila namba. Nikajikuta nakunja vidole. Nikauficha mkono.