Hati ya Kusafiria: Iombwe Kabla ya Safari



Simu huingia usiku: mama anaumwa sana, au baba ameshafariki. Aliye ugenini hutafuta tikiti kwanza, habari za hati huzikumbuka baadaye. Wapo ndugu zetu waliofika kuzika wakashindwa kurudi kwa wake zao na watoto wao. Tatizo hili si geni. Lina zaidi ya miaka 100, na tukiijua historia yake huenda tukajihadhari.

Mwaka 1921 Shirikisho la Mataifa, lililotangulia Umoja wa Mataifa, lilimteua Fridtjof Nansen wa Norway kuwa Kamishna Mkuu wa wakimbizi wa Kirusi. Mamia ya maelfu walikuwa wamekimbia mapinduzi na vita, na Desemba mwaka huo serikali mpya ya Moscow ikawavua wengi wao uraia. Bila pasipoti, hakuna mpaka waliofunguliwa. Ndipo Julai 1922, mjini Geneva, serikali kadhaa zikakubali cheti maalumu kwa ajili yao, ambacho watu walikiita pasipoti ya Nansen. Mwaka 1924 walipewa pia Waarmenia, na 1928 Waashuri na baadhi ya Waturuki waliokosa ulinzi wa Jamhuri ya Uturuki.

Lakini cheti hicho kilikuwa na kasoro kubwa: kilimtoa mtu, hakikumrudisha. Makubaliano ya 1922 yalisema wazi kwamba kuwa nacho hakumpi mtu haki ya kurudi katika nchi iliyompa, ila kwa idhini maalumu ya nchi hiyo. Na aliyeingia Urusi, alikokimbia, cheti chake kilikufa papo hapo.

Ilichukua miaka 11 kurekebisha jambo hilo. Mkataba wa 1933 ulitaka ruhusa ya kutoka na kurudi iandikwe ndani ya cheti chenyewe, ingawa nchi zilizouridhia zilikuwa chache. Kisha ukaja Mkataba wa Wakimbizi wa 1951. Kifungu cha 28 kinahusu hati za kusafiria, na nyongeza yake inaifunga nchi iliyotoa hati kumpokea tena mwenye nayo maadamu muda wake haujaisha. Burundi ilijiunga na Mkataba huo 1963, Tanzania 1964 na Kenya 1966. Marekani iliingia kwa njia ya Itifaki ya 1967, mwaka 1968.

Jambo hili linatugusa. Kuanzia 2007 Marekani iliwapokea maelfu ya Warundi waliokimbia kwao 1972 na kuishi makambini Tanzania. Huko Marekani, mkimbizi au aliyepewa hifadhi huomba hati ya kusafiria kwa fomu I-131, na kwa kawaida hati hiyo hudumu mwaka mmoja. Fomu hiyohiyo huombewa kibali cha kurejea kwa mkaazi wa kudumu atakayekaa nje muda mrefu, na idhini ya mapema kwa yule ambaye ombi lake la hifadhi bado linasikilizwa. Huyu wa mwisho akitoka bila idhini, huchukuliwa kuwa ameliacha ombi lake. Na kama zama za Nansen, kurudi katika nchi uliyoikimbia kunaweza kukuletea maswali mazito, hata ukiwa na hati mkononi.

Basi tunawausia ndugu zetu: msingoje simu ya usiku. Mwenye nia ya Umra, harusi au kuwaona wazee aombe mapema, kwani majibu huweza kuchukua miezi mingi. Angalieni tarehe ya mwisho wa hati, na muulizeni mwanasheria wa uhamiaji kabla ya kununua tikiti. Wakimbizi wa 1922 hawakuahidiwa kurudi. Sisi tumeahidiwa kwa maandishi, lakini maandishi hayo lazima yawe mfukoni.

Wabillahi tawfiq.