Picha Tatu Juu ya Kitambaa Kimoja: Historia ya Kulinganisha Rangi za Projekta

Projekta ya video ya nyumbani, katika aina zake nyingi, hurusha picha tatu kwa pamoja: nyekundu, kijani na buluu. Kila moja peke yake ni pungufu. Zikiangukia mahali pamoja ndipo jicho huona ngozi ya mtu, majani ya mti au weupe wa shati. Zikipishana hata kidogo, maandishi meupe huota ukingo mwekundu upande mmoja na wa buluu upande wa pili, mithili ya kanga iliyochapwa vibaya hadi rangi ya ua ikatoka nje ya mstari wake. Kazi ya kuzirudisha picha hizo mahali pake ndiyo ulinganishaji wa rangi, na umri wake umeupita ule wa video yenyewe. Kila kifaa kipya kimelihamisha tatizo hili kwingine: kutoka mikononi mwa mwenye nyumba hadi kiwandani, na wakati mwingine kutoka kwenye nafasi hadi kwenye muda.

Chanzo chake kinajulikana hadi tarehe. Mnamo 17 Mei 1861, katika ukumbi wa Royal Institution jijini London, mwanafizikia James Clerk Maxwell alionyesha picha za utepe wa Kiskoti wenye miraba ya rangi. Mpiga picha Thomas Sutton alikuwa ameupiga utepe huo mara tatu kupitia vichujio vya nyekundu, kijani na buluu. Picha zote zilikuwa nyeusi na nyeupe; rangi ilizaliwa pale taa tatu, kila moja ikiwa na kichujio chake, zilipozirusha juu ya kitambaa kimoja. Utepe haukusogea, basi kuzilinganisha lilikuwa jambo la mkono na subira.

Filamu ilivunja utulivu huo. Mwingereza Edward Turner alibuni kamera iliyonasa nyekundu, kijani na buluu kwa zamu kwenye filamu moja, na projekta yenye lenzi tatu iliyotakiwa kuzirusha picha tatu zinazofuatana kwa wakati mmoja. Filamu zake za mwaka 1902 zilikuwa na rangi za kweli, lakini hakuna aliyeweza kuzionyesha sawasawa: picha zilitikisika na kuachana kwenye kitambaa. Turner alifariki mwaka 1903 kazi ikiwa haijakamilika. Ilipofika mwaka 2012, jumba la makumbusho mjini Bradford lilizipandanisha picha zake kwa kompyuta na kuonyesha ulimwengu kile ambacho mwenyewe hakupata kukiona. George Albert Smith, aliyeirithi kazi hiyo, aliamua kuikwepa mitambo ya lenzi tatu. Mfumo wake wa Kinemacolor, ulioonyeshwa hadharani kuanzia 1908, ulitumia lenzi moja na rangi mbili tu, nyekundu na kijani, zikipokezana upesi. Lenzi moja haina wa kuachana naye. Ila farasi aliyekimbia alikuwa amekwisha kusonga mbele kati ya picha nyekundu na picha ya kijani, kwa hiyo alionekana akiburuta vivuli vya rangi. Ubadilishanaji huo wa kosa moja kwa jingine ungejirudia karibu miaka tisini baadaye.

Televisheni ndiyo iliyolifikisha suala hili sebuleni. Marekani iliidhinisha mfumo wake wa televisheni ya rangi mwezi Desemba 1953, na mwaka uliofuata kampuni ya RCA iliuza seti ya CT-100 kwa dola 1,000. Ndani ya tyubu yake ya picha mlikuwa na bunduki tatu za elektroni, na miale yake mitatu ilikuwa tayari kukutana katikati ya kioo lakini si pembeni. Fundi alifika nyumbani na kifaa cha kutoa nukta na mistari myeupe, akazungusha sumaku na virekebisho mpaka nukta za rangi tatu zikawa nukta moja. Adha hiyo ilidumu takriban miaka ishirini. Sony ilileta tyubu yake ya Trinitron mwaka 1968, na mwaka 1972 RCA ikatoa tyubu yenye bunduki zilizopangwa mstari mmoja, ambayo koili zake ziliundwa ili miale ikutane yenyewe. Kwa mtazamaji wa kawaida, kurekebisha rangi kwa mkono kulikuwa kumekwisha.

Wakati uleule Mmarekani Henry Kloss aliirudisha kazi hiyo mlangoni. Kloss, aliyekwisha kujipatia jina kwa kutengeneza spika, aliuza kupitia kampuni yake ya Advent projekta ya nyumbani iliyoitwa VideoBeam 1000. Ilikuwa na tyubu tatu, kila moja ya rangi yake na yenye kioo cha kukusanya mwanga ndani yake, na ilirusha picha kwenye skrini iliyopinda yenye mshazari wa futi saba. Projekta na skrini viliuzwa pamoja na kuwekwa kwa umbali uliopangwa tangu kiwandani. Huo ulikuwa uamuzi wa busara, kwani umbali usipobadilika, sehemu kubwa ya makosa inaweza kurekebishwa mapema. Kampuni zilizofuata, kama Barco ya Ubelgiji, Electrohome ya Kanada, na Sony na NEC za Japani, ziliuza projekta zinazokubali skrini ya ukubwa wowote. Uhuru huo ulilipiwa kwa saa nyingi za kazi.

Ugumu wa projekta ya tyubu tatu uko katika umbo lake. Kwa kawaida tyubu ya kijani hukaa katikati na kuitazama skrini uso kwa uso. Nyekundu na buluu hukaa ubavuni na kuitazama kwa pembe. Picha iliyorushwa kwa pembe haiwi mstatili: upande wa mbali huwa mrefu kuliko wa karibu, na mistari hupinda kama upinde. Nyekundu na buluu hupotoka kwa kuelekea pande zinazopingana, hivyo zikiachwa bila kurekebishwa haziwezi kukutana zaidi ya katikati. Suluhisho lilikuwa koili za ziada kwenye shingo ya kila tyubu. Umeme uliopitishwa humo ulivuta mwale wa elektroni kidogo huku au kule kulingana na sehemu ya picha iliyokuwa ikichorwa. Hivyo picha ilichorwa kwa makusudi ikiwa imepotoka ndani ya tyubu, ili inyooke ikifika kwenye skrini.

Mafundi waliokuwa wakifunga mashine hizi walifuata mpango uliokuwa karibu sawa kila mahali. Projekta ilifungwa darini kwa vipimo, ikawashwa, kisha ikaachwa ipate joto kwa nusu saa au zaidi, kwa sababu saketi baridi huhama. Lenzi zilirekebishwa hadi picha ikawa kali katikati na pembeni. Ndipo picha ya mistari iliyokatizana ikawashwa kwa kijani peke yake na kunyooshwa mpaka kila mraba ukawa mraba. Kijani hakikuchaguliwa kwa mazoea tu. Katika viwango vya video ya HD, asilimia 72 hivi ya mng'ao wa rangi nyeupe hutokana na kijani, 21 na nyekundu, na 7 tu na buluu. Jicho husoma umbo la kitu kwa kijani. Baada ya hapo nyekundu ilipandishwa juu ya kijani, ikaanzwa katikati kisha kingo, halafu kona. Mistari miwili ikikutana hugeuka njano. Buluu ilikuja mwisho. Wengine waliilegeza ukali kidogo kwa makusudi, maana unga unaotoa mwanga wa buluu ndani ya tyubu huchoka kuongeza mng'ao mwale unapobana mahali padogo, na jicho halilioni sana kosa la buluu.

Mashine za kwanza zilirekebishwa kwa kuzungusha virekebisho, na kila kirekebisho kiliharibu kidogo kazi ya kirekebisho kilichotangulia. Baadaye marekebisho yalihifadhiwa kwenye kumbukumbu ya kidijitali na kufanywa kwa rimoti, skrini ikigawanywa katika maeneo mengi. Hata hivyo hakuna aliyemaliza kabisa. Uwanja wa sumaku wa dunia huvuta mwale wa elektroni, hivyo projekta iliyogeuzwa kutoka ukuta wa kaskazini kwenda wa mashariki ilihitaji kupangwa upya, na vipuri vilivyozeeka vilihama vyenyewe. Televisheni kubwa za kurusha picha kwa nyuma, zilizoenea Marekani hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000, zilikuwa projekta hizihizi ndani ya sanduku. Baadhi zilikuwa na kitufe cha kujilinganisha zenyewe kwa vihisi vilivyofichwa kwenye kingo za skrini.

Mwaka 1989 kampuni za Sharp na Epson ziliuza projekta zinazotumia paneli tatu ndogo za LCD badala ya tyubu. Taa moja hugawanywa na vioo maalumu kuwa mianga mitatu, kila mwanga hupita kwenye paneli yake, kisha katika muundo ulioenea baadaye yote huunganishwa ndani ya prizimu moja na kutoka kwa lenzi moja. Pembe iliyowatesa mafundi ikatoweka. Kosa lililobaki ni la gundi na joto kiwandani, na vipimo vyake ni vya kustaajabisha: kwenye paneli ya inchi 0.7 yenye pikseli 1,920 kwa upana, pikseli moja ina takriban sehemu 8 za elfu ya milimita. Paneli ikikaa vibaya kwa kiasi hicho, rangi moja huhama pikseli nzima, ambayo kwenye skrini yenye upana wa mita mbili ni milimita moja hivi. Projekta za LCoS za JVC na Sony, ambazo paneli zake huakisi mwanga, zina hesabu hiyohiyo.

Njia nyingine ilitoka Texas Instruments, ambako Larry Hornbeck alibuni mwaka 1987 chipu yenye maelfu ya vioo vidogo vinavyoinama, iliyoingia sokoni mwaka 1996 kwa jina la DLP. Katika mashine nyingi za nyumbani chipu ni moja, na gurudumu la vichujio huipa rangi kwa zamu. Hakuna cha kulinganisha. Ni njia ya Kinemacolor, na kosa ni lile la Kinemacolor: baadhi ya watazamaji wakizungusha macho huona mlipuko wa upinde wa mvua kuzunguka kitu cheupe.

Kwa projekta za paneli tatu, kazi imebaki kuwa ukurasa wa menyu. Mashine huachwa ipate joto, mistari myeupe huwashwa, na katika nyingi kijani bado ndicho kinachokaa palepale huku nyekundu na buluu zikisogezwa. Kusogeza kwa pikseli nzima hakupunguzi ukali, kwani picha hukabidhiwa tu safu ya jirani. Kusogeza kwa sehemu ya pikseli hufanywa kwa hesabu inayogawa mwanga kati ya pikseli mbili, na mistari myembamba hulainika. Kosa la chini ya nusu pikseli mara nyingi ni bora kuachwa. Kosa likiwa sawa skrini nzima, limetokana na paneli. Ukingo mwekundu ukielekea nje ya skrini upande wa kushoto, na vilevile kuelekea nje upande wa kulia, kosa ni la lenzi inayoikuza nyekundu kuliko buluu, na kuisogeza paneli nzima kutatibu upande mmoja kwa kuudhuru mwingine. Hapo husaidia marekebisho ya eneo kwa eneo, kama projekta inayo, au lenzi bora.