Majina ya Milima Izungukayo Bonde la Bujuku

Vilima vyetu vya Buganguzi havina theluji. Mtoto wa shule atuulizapo barafu yawezaje kukaa karibu na ikweta, twamwonyesha katika ramani milima ya Rwenzori, mpakani mwa Uganda na Kongo. Humo limo bonde la Bujuku, lenye ziwa dogo la jina lilo hilo, juu ya mita 3,800 kutoka usawa wa bahari. Ni mahali pa kinamasi na baridi, na lobelia hurefuka kupita kimo cha mtu. Magharibi yake wasimama mlima Stanley, ambao kilele chake Margherita chafikia mita 5,109. Kaskazini Speke, mita 4,890. Kusini Baker, mita 4,844. Kaskazini zaidi uko Emin.

Wasomaji wetu wawajua watu hao. Speke alikaa kwa Rumanika, mfalme wa Karagwe, tangu Novemba 1861 hata Januari 1862. Stanley na Emin walipita Karagwe mwaka 1889 wakielekea pwani, na Emin ndiye aliyerudi mwaka 1890 akaanzisha boma la Bukoba. Baker aliliona Ziwa Albert mwaka 1864. Lakini Margherita hakikupandwa mpaka Juni 1906, na Luigi wa Savoia, mtu wa ukoo wa kifalme wa Italia. Yeye ndiye aliyeipa milima majina hayo, na wenye majina walikuwa wamekwisha kufa wote wanne. Hakuna hata mmoja aliyekikanyaga kilele chake.

Mizigo ya Luigi ilichukuliwa na Bakonzo, wenyeji wa miteremko ile. Majina yao hayamo katika ramani. Walakini tuitazamapo vema twaona kwamba vilele vilipewa wageni, bali bonde na mito, Bujuku na Mubuku, ilibaki na majina ya wenyeji, maana huko ndiko walikopita na kuwinda. (Maziwa makubwa hayakuokoka.) Theluji waliiita nzururu, na mwaka 1962, walipotaka kujitenga na ufalme wa Toro, waliliita shauri lao Rwenzururu.

Barafu ile imepungua sana tangu 1906. Maji ya Bujuku huingia Mubuku, yakapita Ziwa George, Ziwa Edward na mto Semliki, hata yakafika Ziwa Albert. Huko hukutana na maji yatokayo Ziwa Victoria, na mvua ya Buganguzi imo ndani yake.