Filamu Iliyokuja Bila Majina: Nairobi Ilivyotunza Stori za LGBTQ kwa Kuwaficha Wenyewe

Septemba 2014, tamasha la filamu la Toronto, Canada. Filamu ya Kenya, ya rangi nyeusi na nyeupe, ya saa moja hivi, inaonyeshwa kwa mara ya kwanza. Inaitwa Stories of Our Lives. Mwongozaji nani? Kimya. Waliotengeneza walikuwa wamejitambulisha kwa jina la kundi tu: The Nest, wasanii wa Nairobi. Ni huko huko Toronto ndipo watatu kati yao, Jim Chuchu, George Gachara na Njoki Ngumi, wakaamua kujitaja hadharani. Wengine wakabaki kivulini.

Wengi wanaijua filamu hii kwa sababu ilipigwa marufuku kwao. Wasichojua wengi ni kwamba mwanzoni haikuwa filamu kabisa. Mwaka 2013 The Nest walianza kazi ya kumbukumbu: kukaa na Wakenya wa jamii ya LGBTQ, kuwasha kinasa sauti, na kuwaacha waeleze maisha yao wenyewe. Hizo filamu fupi tano, ikiwemo ya wasichana wa shule na ile ya vijana wawili wa shambani, zilichipuka humo baadaye.

Sasa mtu atauliza, kwa nini kuhangaika kurekodi watu ambao hawataki hata kutajwa?

Angalia kilichokuwepo kabla. Mwaka 1899 jarida moja la Kijerumani, Zeitschrift für Ethnologie, lilichapa makala fupi kuhusu mapenzi ya jinsia moja Zanzibar. Mzungu anawaeleza wasomaji wake Wazungu namna watu wa visiwani wanavyoishi, kama anayeeleza mimea. Wenyewe hawasemi. Baada ya hapo karatasi nyingi ni za serikali: sheria za kikoloni, mashtaka, hukumu. Ukitegemea hizo peke yake, utaamini watu hawa waliishi mahakamani tu, hawakuwahi kupika, kupendana wala kuchekana.

Miji mingine ilishtuka mapema. San Francisco, Marekani, walianzisha chama chao cha historia mwaka 1985, UKIMWI ukiwa umepamba moto na watu wakifa huku shajara na picha zao zikiishia jalalani. Johannesburg wakaanza hifadhi yao mwaka 1997, mwaka mmoja baada ya katiba mpya ya Afrika Kusini kukataza ubaguzi kwa misingi ya mwelekeo wa kimapenzi. Hao walikuwa na bahati ya kuweka masanduku rafuni na kuandika jina juu yake.

Nairobi hapakuwa na bahati hiyo. Kifungu cha 162 cha sheria ya adhabu ya Kenya kinafika miaka 14 jela. (Tanzania ni kali zaidi: kuanzia miaka 30 hadi maisha.) Na hapo ndipo ugumu wa dijitali unapoonekana. Sanduku chini ya kitanda linaungua moto au linaliwa na mchwa, lakini anayelifungua ni mmoja. Faili haliozi, ila linakopika usiku mmoja mara elfu. Kufuta jina ni kazi ya dakika. Sauti je? Ndugu yako anakutambua kwa kikohozi tu. Lafudhi inataja kwenu, na kisa cha harusi ya dada kinamaliza kazi.

Kwa hiyo waliohojiwa walifichwa, na hadithi zao zikapewa waigizaji. Wapo watakaosema hiyo si historia, ni maigizo. Hoja hiyo ina uzito: ushahidi usio na jina, mtafiti wa kesho ataupima na nini? Lakini mbadala wake ulikuwa kukosa vyote, jina na kisa.

Na woga wao haukuwa wa bure. Oktoba 2014 bodi ya filamu ya Kenya, KFCB, ilikataza filamu isionyeshwe nchini, ikidai inatangaza ushoga kinyume na maadili ya taifa. Siku chache baadaye Gachara akakamatwa, shtaka likiwa kurekodi filamu bila kibali. Shtaka lilikuja kufutwa. Lakini fikiria: huyo ndiye aliyejitaja. Wale wa kwenye vinasa sauti, hakuna aliyewajua wa kuwafuata.

Februari 2015 filamu ikapata tuzo ya majaji wa Teddy kule Berlin. Mwaka huo huo The Nest wakatoa kitabu cha zile simulizi, nyingi zaidi ya tano za kwenye filamu, bila majina ya wenyewe.

Upande wa Bongo, mwishoni mwa Oktoba 2018 mkuu wa mkoa wa Dar es Salaam wa wakati huo alitangaza kikosi cha kuwasaka mashoga, mitandao ya kijamii ikiwa sehemu ya msako. Serikali kuu ilijitenga na kauli hiyo siku chache baadaye. Ila tangazo la namna hiyo likisikika, mwenye picha za miaka kumi kwenye simu haulizi mara mbili. Anafuta. Chati, sherehe, sura za marafiki waliokwishafariki, vyote.

Ile makala ya Kijerumani ya 1899 ipo. Imeshaskaniwa, na inasomeka mtandaoni.