Mshahara wa Mmoja, Ndoa ya Wawili: Hoja Dhidi ya Kima cha Kipato katika Viza ya Mwenzi ya Uingereza

Dola ina haki ya kudhibiti mipaka yake, na raia ana haki ya kuishi na mtu aliyefunga naye ndoa. Tangu Julai 2012 Uingereza imezipatanisha haki hizo kwa kigezo cha fedha: anayetaka kumleta mwenzi wake kutoka nje sharti athibitishe kipato cha mwaka kisichopungua kima kilichowekwa. Kima hicho kilianzia pauni 18,600, kiasi ambacho, kwa hesabu ya Kamati ya Ushauri wa Uhamiaji, kingewaondolea wanandoa sifa ya kupata mafao ya watu wenye kipato kidogo. Aprili 2024 kilipandishwa hadi pauni 29,000. Hoja ya makala hii ni kwamba kanuni hiyo inapima kisichostahili kupimwa. Inaangalia mshahara wa mtu mmoja, ilhali kitakachojikimu au kushindwa kujikimu ni kaya ya watu wawili.

Utendaji wa kanuni wenyewe unalithibitisha hilo. Mwombaji akiwa nje ya nchi, mshahara wake hauhesabiwi, hata awe mhandisi Dar es Salaam au daktari Mombasa. Wala hauhesabiwi ule atakaoupata akishafika. Msaada wa wazazi na ndugu huzingatiwa katika mazingira ya kipekee tu. Anayetaka kutegemea akiba pekee huhitaji pauni 88,500. Kima kilipopandishwa mwaka 2024, mshahara wa chini kabisa kisheria kwa mtu mzima ulikuwa pauni 11.44 kwa saa. Aliyeulipwa kwa saa 40 kila wiki, mwaka mzima, alipata takribani pauni 23,800, na hata kwa saa 48 asingefikisha 29,000. Mtu huyo anafanya kazi, analipa kodi na anajitegemea, lakini sheria inamhesabu kuwa hawezi kumkimu mwenzi. Mzigo huu huwaelemea zaidi wanawake, ambao kwa wastani hulipwa chini ya wanaume, pamoja na wakaazi wa mikoa yenye mishahara midogo, kwa kuwa kima ni kilekile nchi nzima.

Watetezi wa kanuni husema inamlinda mlipa kodi. Lengo hilo ni halali, ila tayari lina kinga nyingine. Mwenzi anayeingia kwa viza hii kwa kawaida haruhusiwi kupokea mafao ya serikali, na hutozwa mapema ada ya huduma za afya ya pauni 1,035 kwa mwaka. Zaidi ya hayo, mzazi aliyeachwa peke yake na mtoto mara nyingi hulazimika kupunguza saa za kazi ili amlee. Kumzuia mwenziwe ni kuinyima kaya mfanyakazi wa pili na mlezi wa pili, na hivyo kudumisha utegemezi uleule unaopigwa vita.

Hoja nzito zaidi ni ya uhakika: kiasi kimoja kinachojulikana humwezesha kila mtu kujua anapostahili, na humpunguzia afisa nafasi ya upendeleo. Mahakama ya Juu ya Uingereza, katika shauri la MM (Lebanon) la Februari 2017, ilikubali kwamba kima chenyewe ni halali. Hata hivyo, iliamua kwamba kanuni hazikuzingatia ipasavyo ustawi wa watoto, wala vyanzo vingine vya fedha. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, katika shauri la Chakroun la mwaka 2010, ilikuwa imeonyesha njia: kiasi kinaweza kuwa kielelezo, lakini ombi lisikataliwe kabla ya kuchunguza hali halisi ya mwombaji. Marekani nayo huweka kima, asilimia 125 ya mstari wa umaskini, lakini humruhusu mdhamini wa pili kujaza pengo. Kanada, kwa kawaida, haimwekei mdhamini wa mwenzi kima chochote. Humfunga kwa ahadi ya miaka 3 ya kumkimu. Uhakika, basi, haudai ukali.

Mageuzi yanayohitajika yanafahamika: kuhesabu uwezo wa wote wawili, kupokea msaada wa ndugu unaothibitika, kutokiacha kima kivuke mshahara wa chini wa kisheria, na kutanguliza maslahi ya mtoto. Wapo watakaosema wanandoa wanaweza kuhamia nchi ya mwenzi. Kumjibu hivyo raia maskini huku tajiri akiachwa abaki ni kuigeuza haki ya familia kuwa bidhaa, na dola inayokiri usawa wa raia wake haina namna ya kulitetea hilo.