Bia Moja katika Nyumba ya Karanga

Historia ya nchi haikai vitabuni peke yake. Nyingine imo ndani ya kuta tunazoziegemea bila kuuliza zilijengwa na nani, na kwa sababu gani.

Mwezi mmoja wa Novemba nilikuwa nikitoka Ruangwa kwenda Masasi, nikalala Nachingwea. Jioni nilipelekwa kwenye baa ndogo ndani ya nyumba ambayo wenyeji huiita ya karanga. Ilikuwa na kibaraza kipana, meza nne, redio ya sauti ya chini, na kila aliyeingia aliwaamkia wote. Niliagiza bia moja, nikakaa.

Jina hilo lina kisa chake. Mnamo Novemba 1946 serikali ya Uingereza, iliyobanwa na uhaba wa mafuta ya kula baada ya vita, iliidhinisha mpango wa kulima karanga katika ekari zaidi ya milioni 3, nyingi zikiwa Tanganyika: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Vifaru vya Sherman viligeuzwa matrekta. Mtwara ikajengewa bandari, na reli ikatandikwa hadi huku. Lakini udongo na mvua havipokei amri kutoka London. Januari 1951 mpango ulivunjwa, pauni zipatazo milioni 36 zikiwa zimepotea. Reli nayo ilifungwa mwaka 1962. Kata ya Stesheni ingalipo, garimoshi halipo.

Mzee mmoja aliyekuwa na kikombe cha uraka alinisikia nikiuliza. "Mjukuu wangu," aliniambia, "marehemu baba alikata miti kule kwa kibarua. Nyumbani mama alikuwa na karanga zake, na zilizaa. Hakuna aliyekuja kumwuliza anazipanda lini."

Maneno hayo yalinikaa kuliko tarakimu zote. Zao halikuwa na kosa. Mwaka 2009 watafiti wa Naliendele walitoa mbegu bora za karanga, na mojawapo ikapewa jina Nachingwea. Wala ardhi haikukosa faida: Shamba Namba 17 la mpango ule likawa kambi ya FRELIMO, ambako Samora Machel aliwafunza wapiganaji, na tarehe 25 Juni 1975 Msumbiji ikawa huru. Kilichoanzishwa kwa ajili ya mafuta ya Waingereza kikaja kuwafaa majirani zetu waliotaka kujitawala.

Siku hizi Ruangwa, iliyokuwa sehemu ya Nachingwea hadi 1995, inazungumziwa kwa madini ya kinywe. Mitambo mikubwa imerudi kusini. Sina chuki na mitambo, kwani watoto wetu wanahitaji kazi. Nataka tu kabla ya tingatinga kuwashwa, mtu akae kibarazani na wazee, aulize, kisha asikilize hadi mwisho. Kuuliza si ujinga, na gharama yake haifiki pauni milioni 36.