Stebilaiza: ile nondo ya chini ya gari ambayo mafundi wanaing'oa

Leo tuingie chini ya gari kidogo. Najua wengi mnaosoma hapa bado hamna gari, na hata mimi ninayoendesha ni ya mzee. Ila daladala na Noah mnapanda, kwa hiyo habari hii inawahusu pia.

Chini ya gari nyingi kuna nondo iliyolala kutoka upande wa gurudumu la kulia mpaka la kushoto, ncha zake zimekunjwa ikawa kama herufi U iliyopanuliwa. Mafundi wetu wanaiita stebilaiza. Ni chuma cha springi, yaani ukikisokota kinataka kurudi kilivyokuwa. Katikati imeshikwa na bushi mbili za mpira zinazoiruhusu kuzunguka pale pale. Kila ncha imeungwa na kijiti kifupi kinachoitwa linki, na linki ndiyo inayoshika mkono wa gurudumu au mguu wa shokapu. Basi, hakuna oili wala waya. Mkanada mmoja, Stephen Coleman, alipata hataza ya kifaa cha namna hii mwaka 1919, na kwenye magari mengi wazo bado ni lile lile.

Kazi yake unaweza kuiona kwa hanga ya nguo. Kata waya wake, ukunje uwe U, halafu mwenzako aushike katikati bila kuubana. Inua ncha zote mbili pamoja: waya unazunguka tu, huoni ubishi wowote. Sasa inua ncha moja huku nyingine umeizuia. Waya unajisokota na kukurudisha. Hiyo ndiyo stebilaiza yote.

Ukipita tuta sawasawa, magurudumu mawili yanapanda pamoja, nondo inazunguka kwenye bushi zake na kuziachia springi kazi. Lakini ukikata kona ya kulia kwa kasi, bodi inataka kulalia kushoto. Springi ya kushoto inabanwa, ya kulia inaachia, na nondo inasokotwa. Katika kukataa kusokotwa inaisukuma bodi juu upande wa kushoto na kuivuta chini upande wa kulia. Gari inalala kidogo tu, tairi zinakaa vizuri barabarani, na dereva anakata usukani bila kusubiri bodi imalize kuyumba.

Hapa watu wengi wanachanganya na shokapu. Shokapu inapunguza mwendo wa kulala, haizuii kulala kwenyewe. Kwenye kona ndefu, gari yenye shokapu mpya lakini haina stebilaiza italala tu, sema itachelewa kidogo.

Na isitegemewe kufanya miujiza. Uzito unaohamia tairi za nje kwenye kona hauondolewi na nondo hii. Huo unatokana na spidi, ukali wa kona, mzigo umekaa juu kiasi gani, na upana kati ya magurudumu. Ukijaza magunia juu ya keria, jamani, hakuna stebilaiza ya kukutetea. Inachoweza ni kugawa huo uzito kati ya mbele na nyuma. Ikiwa ngumu sana mbele, tairi za mbele zinashindwa kwanza na gari inataka kwenda moja kwa moja. Ikiwa ngumu sana nyuma, mkia unatoka nje. Masela mnaopenda kufunga nondo nene msikilize: ugumu unapanda kwa kipenyo kujizidisha mara nne. Toka milimita 20 kwenda 22, kwa macho ni nondo ile ile, lakini ugumu umeongezeka kama asilimia 46.

Kuyumba sio suala la starehe tu. Oktoba 1997 huko Sweden, gazeti la magari la Teknikens Värld liliijaribu Mercedes-Benz A-Class, wakati huo mpya kabisa, kwa kukwepa ghafla upande mmoja na kurudi, kama dereva aliyekutana na mnyama. Ikapinduka. Kampuni ilisimamisha mauzo, ikairudisha ikiwa imekazwa suspensheni na kuongezewa mfumo wa kompyuta unaobana breki ya gurudumu moja moja. Sasa fikiria kwetu: bodaboda inaingia bila kuangalia, ng'ombe anavuka, shimo linatokea. Kukwepa na kurudi ndiyo maisha yetu ya kila siku.

Tuje kwenye kinachoniudhi. Linki zinakufa haraka kwenye barabara zetu. Kila shimo la upande mmoja linazivuta, boljointi zake ndogo zinalegea, kelele ya ko-ko-ko inaanza. Unaenda gereji, fundi anakwambia, "Toa tu bosi, gari si inatembea?" Kweli inatembea, kelele inakwisha, na kwenye foleni za mjini husikii tofauti yoyote. Ya mzee ilitolewa linki ya upande mmoja, eti ya pili inatosha. Haitoshi! Nondo haiwezi kusokotwa kama ncha moja inaning'inia. Linki moja ni sawa na hakuna kabisa. Utakuja kujua kwenye kona za Kitonga, au ukikwepa kitu ukiwa spidi 80.

Kuna wanaoiachia kwa makusudi, ila hao wako porini kwenye mawe, wanataka kila gurudumu lishuke peke yake lipate ardhi. Jeep Wrangler Rubicon tangu ya 2007 ina kitufe cha kuiachia ya mbele, na ukikimbia inajifunga yenyewe. Toyota wana mfumo wa majimaji, KDSS, unaofanya kazi hiyo bila kubonyeza kitu. Hiyo ni mbali sana na kung'oa linki na kuingia barabara kuu.

Ukisikia kelele, pita polepole gurudumu moja tu likanyage tuta. Simamisha gari sehemu tambarare, izime, shika linki uitikise, angalia kama mpira wake umechanika. Ikiwa nzima, mwambie fundi aangalie boljointi kubwa na viti vya shokapu, maana nazo zinagonga hivyo hivyo. Ukinunua, nunua za pande zote mbili. Bushi za katikati kama zimeliwa badilisha pamoja, nondo isije ikacheza na kuendelea kugonga.

Mafundi na madereva mliomo humu, linki za Noah na Hiace zinakaa miezi mingapi barabara za kwenu?